Niligeuza waya za betri, inveta ya mjomba ikatoa moshi

Wadau, leo naungama. Mimi ninayejifanya mjuzi wa umeme hapa Moro mjini nilimuunguzia mjomba inveta yake kwa sekunde moja tu.

Mjomba anaishi upande wa Matombo, kwenye milima ya Uluguru. Nyumbani kwake nguzo za umeme hazijafika, hivyo anachaji simu za majirani kwa inveta na betri ya gari. Hela hiyo ndiyo inanunua madaftari ya watoto. Na si mnajua sisi Waluguru ukoo ni wa mama? Mjomba ndiye mzee wako. Kumharibia si jambo la kucheka.

Ilikuwa usiku, mvua inanyesha, simu yenye tochi nimeibana mdomoni. Waya zote mbili nyeusi. Nikafunga ya chanya kwenye hasi. Paa! Cheche, harufu ya kuungua, kimya. Mjomba akauliza taratibu, "Mjomba, ndo imekufa?" Nikakosa jibu.

Asubuhi nikateremka nayo mjini. Fundi wa kwanza akabadilisha fyuzi tu. Tulipowasha, paa tena! Wa pili akaniambia, kaa hapa ujifunze.

Kwanza, kwa nini inaungua? Ndani ya inveta kuna mosifeti, yaani swichi ndogo zinazokata umeme wa betri haraka haraka ili transfoma iupandishe. Kila mosifeti ina dayodi ndani yake. Ukifunga sawasawa, dayodi hiyo inazuia. Ukigeuza, inafungua njia, na betri nzima inamiminika humo. Fyuzi inahitaji muda kidogo ili iyeyuke. Ukiwa na bahati inawahi, usipokuwa nayo mosifeti inatangulia.

Sasa matengenezo:

1. Toa betri kabisa. Usiguse ndani upesi, maana kuna kapasita zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300. Zipime kwanza, hakikisha zimeisha umeme.

2. Pima fyuzi. Nyingine zimechomelewa kwa risasi kwenye bodi. Weka ya ampea zilezile, usiweke kipande cha waya! Inveta ya wati 300 kwenye volti 12 inavuta ampea 25 na zaidi. Ikipiga shoti bila fyuzi, ni moto ndani ya nyumba.

3. Pima mosifeti kwa multimita kwenye alama ya mlio, mguu wa drein na wa sosi. Ikilia pande zote mbili, imekufa. Ila zimefungwa sambamba, kwa hiyo moja ikifa zote zinaonekana zimekufa. Zitoe, pima moja moja. Ukinunua, badilisha kundi zima kwa namba ileile. Zangu zilikuwa IRF3205.

4. Angalia rezista ndogo za kwenye mguu wa geti, na kapasita ya upande wa betri kama imevimba.

5. Hapa ndipo fundi wa kwanza alipokosea. Usirudishe betri moja kwa moja. Pitisha waya wa chanya kwenye taa ya breki ya gari, volti 12 wati 21, bila kuchomeka simu wala kitu chochote. Taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna shoti, na hujaunguza kitu kipya. Ikimulika kisha ikafifia, uko salama.

Yetu ilififia. Nilishangilia kama nimefunga goli!

Lakini wiki nzima mjomba hakuchaji hata simu moja. Kumbe kinga yake ni rahisi: kabla ya kufunga, pima waya kwa multimita. Ikionyesha alama ya kutoa, umegeuza. Siku hizi waya wa chanya wa mjomba una rangi nyekundu ya kucha, ya shangazi.

Haya wadau, nani mwingine kawahi kuunguza kitu cha mzee wake? Semeni bila aibu.