Meli ya Neema yatia nanga Mbamba Bay!

Bwana wee, umeme ulikatika saa moja usiku tukiwa katikati ya Mass Effect, ule mchezo wa kompyuta wa BioWare ya Kanada uliotoka mwaka 2007. Nilikuwa likizo kwa dada yangu, Mbamba Bay. Mpwa wangu akaguna kama kanyang'anywa sahani.

"Sasa anko, ndo basi tena?"

Nikamwambia lete kibatari, tutacheza mezani.

Kwa wasiojua, mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons. Hakuna runinga pale. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu na mhusika wake, mapanga na uchawi kwa kwenda mbele, na dadu ya pande 20 ndiyo hakimu. Sisi dadu hiyo hatuna. Tukaandika namba kwenye vizibo 20 vya soda, tukavitia kwenye kofia.

Kasheshe ikaja pale mpwa alipotaka kuwa Quarian. Hao ni viumbe wa sayari nyingine waliounda mashine za kuwatumikia, geth, kisha mashine zikapata akili na kuwatimua kwao. Yapata miaka 300 wanaishi melini tu. Miili yao haihimili vijidudu, hivyo hawavui mavazi ya kujikinga. Utamwingizaje mtu kama huyo kwenye dunia ya mapanga?

Mara ya kwanza nilichemsha. Nilimpa bunduki ya kichawi na mbwembwe kibao. Raundi mbili tu anaua kila kitu, watoto wawili wa jirani waliokuwa wanacheza nasi wakaanza kupiga miayo. Ndipo nikashtuka: ukimnyang'anya Quarian silaha, anabaki na hofu ya kuugua na hamu ya kwao. Hivyo ndivyo vya kuhamisha.

Tukaanza upya. Meli za angani zikawa mitumbwi na majahazi yaliyofungwa pamoja katikati ya Ziwa Nyasa. Geth wakawa watumishi wa udongo waliopewa uhai kwa uganga, wamekalia jiwe la Pomonda kule Liuli, mji ambao Wajerumani waliuita Sphinxhafen. Vazi likawa nguo ya magome iliyochemshwa kwenye dawa. Likichanika, chota kizibo. Chini ya 10, homa siku tatu.

Lakini utamu uko kwenye hija yao. Kijana wa Kiquarian lazima aondoke, arudi na kitu cha maana, amkabidhi nahodha wa meli anayotaka kujiunga nayo. Akipokelewa, jina linabadilika. Ndiyo maana Tali'Zorah, binti wao maarufu, katika toleo la pili la mwaka 2010 anaitwa "vas Neema", yaani wa meli ya Neema. Sitanii!

Dada, aliyekuwa anachambua dagaa pembeni, akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Kumbe huko angani nako wapo akina Neema?"

Mpwa hakucheka. "Anko, wewe umekaa Dar miaka sita. Umerudi na nini?"

Nilikuwa nimerudi na simu mpya, ya kwangu mwenyewe, na begi la nguo chafu. Dada akarudia dagaa zake, kimya. Nikachota kizibo bila kuambiwa.

Namba 3.