Kumhesabu Minde Pasipo Kumwona

Minde ni mnyama wa jamaa ya paa wa msituni. Rangi yake ni hudhurungi iliyokoza karibu kuwa nyeusi, na kati ya pembe ana kishungi chekundu. Uzito wake hupata kilo 50 na zaidi, walakini kumwona ni bahati, maana hutembea usiku. Hapatikani po pote duniani ila Tanzania, katika misitu ya milima kama Kilimanjaro na Udzungwa. Na picha yake ya kwanza porini yasemekana ilipigwa mwaka 2003 tu. Mnyama wa namna hii atahesabiwaje?

Kinyesi hakitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu hufanana na cha funo. Basi wataalamu hufunga kamera mtini, chini chini. Kamera huhisi joto la kitu kinachopita, hata mnyama akikatiza, hujipiga picha mwenyewe! Katika msitu wa Mwanihana, Udzungwa, kazi hii ilianza mwaka 2009 kwa kamera mahali 60, siku 30 kila mahali.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Mara 60 kwa 30 ni siku 1,800. Tuseme minde amepita mara 36 (picha zilizofuatana katika saa moja twazihesabu kuwa mara moja). Hiyo ni mara 2 kwa kila siku 100. Je, ni minde wangapi? Hatujui bado. Huenda ni mmoja mwenye kuzurura, au 36 waliopita mara moja moja. Bongo wa Aberdare, Kenya, hutambulika kwa mistari ya ubavuni, bali minde wote ni sura moja.

Mwaka 2008 wataalamu wa Uingereza walitoa kanuni: mapito hayo hugawanywa kwa mwendo wa mnyama kwa siku, na kwa upana wa mahali kamera ionapo. Atembeaye kilomita 4 hupita mbele ya kamera mara mbili kuliko atembeaye 2. Lakini kamera ziwekwe po pote bila kuchagua, wala si penye njia za wanyama, ama sivyo idadi itazidi. Sharti hili naliona gumu kuliko yote, kwani nani apendaye kuelekeza kamera ya thamani kwenye kichaka kitupu?

Hata pasipo kanuni hiyo, kamera zikirudishwa pale pale kila mwaka, na mapito 36 yakawa 18, walinzi wana sababu ya kuingia msituni upesi kutafuta mitego ya nyaya.