Bastola za kushindilia: Saa inakimbia, baruti haitaki haraka

Shabiki wa Arsenal akitazama nembo ya timu yake anaona mzinga wa kizamani, kumbukumbu ya wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, London, walioanzisha klabu hiyo mwaka 1886. Wengi hudhani silaha za kujazwa baruti kupitia mdomoni zimebaki kwenye jezi tu. Siyo kweli. Bastola za namna hiyo zina mashindano yake ya dunia, chini ya shirikisho la MLAIC lililoanzishwa mwaka 1971.

Mara nyingi shabaha iko mita 25. Mshindani anapewa dakika 30 kupiga risasi 13, na 10 bora ndizo zinazohesabiwa. Muda unaonekana kibao, ila kila risasi inashindiliwa kwa mkono: baruti, goroli, kisha fataki. Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Chukua bastola ya silinda, aina aliyoipa umaarufu Mmarekani Samuel Colt kuanzia mwaka 1836. Matundu sita yamejaa baruti, mtutu ni mmoja. Cheche ya tundu moja ikipenya kwa jirani, nalo linalipuka, na goroli lake halina mtutu wa kupitia. Ndiyo maana wazoefu hupaka grisi juu ya kila goroli na huchagua lililo kubwa kidogo kuliko tundu, ili likisukumwa ndani linyolewe pembeni na kuziba kabisa. Fataki nazo zisilegee, maana moto huweza kupita hata nyuma.

Kumimina baruti moja kwa moja kutoka kwenye chupa kubwa ni marufuku. Kila kipimo kinakuja na kichupa chake. Kaa dogo lililobaki ndani likiwasha chupa nzima, kwaheri vidole. Na baruti ni nyeusi tu. Ile ya kisasa isiyo na moshi ina presha ya kuipasua bastola mkononi. Goroli nalo likiachwa mbali na baruti, mtutu unaweza kutuna au kupasuka.

Lakini mtihani mkubwa ni ukimya. Fataki inalia, baruti haiwaki, zimebaki dakika tatu. Mshindani anatamani aigeuze bastola achungulie kulikoni. Haruhusiwi, kwani baruti huweza kuchelewa kushika moto. Anabaki ameielekeza kwenye shabaha, nusu dakika au zaidi, mkono umenyooka, na saa inaendelea kuhesabu.