Tumaini la Wakristo katika Miaka Migumu ya Shinyanga

Wenzetu wa Visiwani huenda wakauliza: mtu aliyelelewa katika chuo cha Kurani na kukuzwa na Chama ana shughuli gani na tumaini la Wakristo? Nawajibu kwamba hapa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mvua ikikatika inatukatikia sote. Mtu amwonapo jirani yake amesimama imara, hana budi kuuliza amesimama juu ya nini.

Wakristo hufundishana kwamba tumaini lao limejengwa juu ya kufufuka kwa Yesu. Kwa hiyo mwili wa mwanadamu, hata uwe dhaifu, hata ukizikwa, kwao una heshima isiyokwisha. Mafundisho hayo yalipata mtihani mkali katika mikoa yetu ya Ziwa. Watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo humtajirisha mchimba dhahabu au mvuvi. Hadi mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu zaidi ya 70 waliouawa nchini tangu mwaka 2000.

Hilo nalo lilikuwa tumaini, ila tumaini la uongo. Mchimbaji mdogo aliyehangaika shimoni msimu mzima bila kuona hata chembe huambiwa na mpiga ramli kwamba bahati yake imo katika mfupa wa mtoto wa mwenziwe. Dhiki humlainisha, uchu wa mali humaliza kazi.

Watu wa Unguja hawahitaji kufafanuliwa maana ya mwili wa mtu kutiwa bei. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo Waanglikana wakaweka palepale jiwe la msingi la kanisa lao. Tumaini la namna hiyo halikungoja ahera ndipo lifanye kazi.

Mwalimu Nyerere, naye Mkatoliki wa dhati, aliwaeleza masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini litageuka kuwa ushirikina wa watu wenye hofu. Ushirikina! Sisi wa Shinyanga neno hilo latuchoma, hasa kwa kuwa mapadre wa Maryknoll ndio waliopewa kulilea jimbo letu tangu mwaka 1954.

Serikali nayo haikulala. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, katika kikao chake cha Kahama, iliwahukumu kunyongwa watu watatu waliomwua kijana wa miaka 14 mwenye ualbino. Watoto wengi walikusanywa katika kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, wakanusurika, nasi twashukuru. Lakini mtoto anayelindwa na ukuta, mbali na mama yake, kijiji chake bado hakijampokea.

Hapo ndipo ninapowaomba wakuu wa wilaya na maofisa tarafa. Makatekista na wachungaji huingia katika nyumba ambazo gari la Serikali halifiki, na aghalabu husikia minong'ono kabla ya polisi. Waiteni, pamoja na masheikh wetu, katika kamati za ulinzi na usalama za vijiji. Waulizeni ni mtoto yupi anayeweza kurudi nyumbani kabla ya mvua za mwaka huu, na nani atakayemsindikiza shuleni kila asubuhi.