Kuku akisusa mayai, kagua kiota kabla ya kushika kisu

WAFUGAJI wa kuku wa kienyeji wanaijua hasara hii. Kuku ameatamia vizuri wiki mbili, siku zinahesabiwa, kisha asubuhi moja anakutwa jalalani akiparua na wenzake huku mayai yamepoa kiotani.

Uamuzi wa wengi huwa wa haraka. Mayai yanatupwa, kuku anaambiwa hajui kulea, na wiki haiishi kabla hajaingia chunguni. Mara nyingi anayechinjwa siye mwenye kosa.

Hasara yenyewe si ndogo. Yai moja likiuzwa Sh500, mayai 12 yaliyoharibika ni Sh6,000. Lakini kuku wa kienyeji anayelea vifaranga wake hutaga kwa awamu tatu au nne tu kwa mwaka, kwa kuwa kila awamu ina muda wa kutaga, siku 21 za kuatamia na wiki kadhaa za kulea. Kwa familia za mikoa kama Singida na Dodoma, ambako kuku wa kienyeji huuzwa kwa wafanyabiashara wanaowapeleka Dar es Salaam, awamu moja iliyopotea ni majogoo ambao hawatakuwepo siku ada ya shule itakapodaiwa.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kuku kweli amesusa. Kuku anayeatamia hutoka kiotani mara moja hivi kwa siku, dakika 15 hadi 30, kula, kunywa, kujisaidia na kuoga vumbi. Wapo wanaomkimbiza arudi haraka, na kumbe kumkimbiza huko ndiko kunakomfanya akiogope kiota.

Akiwa amesusa kweli, mfugaji aangalie wadudu kabla ya kitu kingine chochote. Utitiri na viroboto hupenda joto la kuku asiyehama mahali pake. Wapo utitiri wanaojificha mchana kwenye nyufa za mbao na ukuta, wakatoka usiku kunyonya damu, hivyo mfugaji anayekagua banda saa sita mchana anaweza asione kitu. Dalili ni kuku kusimama juu ya mayai badala ya kulala, upanga wake kupauka, au vidoa vidogo vya damu kwenye maganda ya mayai. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuingiza mkono kiotani usiku. Ukiwashwa, jibu limepatikana.

Kiota kilichotumika awamu iliyopita kisirudiwe kilivyo. Nyasi za zamani zichomwe, tenga au boksi lianikwe juani, na ndani ya tenga inyunyizwe dawa ya unga ya kuua utitiri, inayopatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo, kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Wafugaji wengi hutandika majani ya mwarobaini au ya tumbaku chini ya nyasi mpya. Husaidia kuwazuia wadudu, lakini hayatoshi kiota kikishajaa. Kuku naye atibiwe kabla ya kuwekewa mayai, si baada ya kuwakimbia wadudu.

Njaa na kiu ni sababu nyingine. Kuku anayeatamia hula kidogo sana na kupungua uzito, na akilazimika kwenda mbali kutafuta maji huchelewa kurudi. Punje za mahindi au mtama na maji safi viwekwe hatua chache kutoka kiotani. Visiwekwe ndani ya kiota, kwani huchafua mayai na kuita panya na siafu, na siafu wakivamia usiku hakuna kuku atakayebaki.

Kiota kiwe mahali penye giza kidogo, mbali na watoto, mbwa na kuku wengine. Kuku akihitaji kuhamishwa, ahamishwe usiku. Asikabidhiwe mayai yote siku hiyohiyo. Awekewe mawili kwanza, na akitulia siku mbili tatu ndipo apewe mengine, 10 hadi 13 kulingana na umbo lake.

Kuna kususa kwa siku za mwisho, ambako wengi hawakuelewi. Kuku wengine wakitaga ndani ya kiota kilekile, mayai yanatofautiana umri. Vifaranga wa kwanza wakitoka, mama huondoka nao kati ya siku moja na mbili, na mayai yaliyochelewa yanafia hapo. Dawa yake ni kipande cha mkaa: mayai ya mwanzo yawekwe alama, na lolote lisilo na alama litolewe kila jioni.

Vivyo hivyo kwa wanaompa kuku mayai ya bata. Bata wengi huanguliwa kwa siku 28, na wale wenye vinundu vyekundu usoni kwa siku 35. Kuku aliyezoea siku 21 anaweza kuchoka.

Mayai yaliyoachwa nayo yasitupwe kabla ya kukaguliwa. Yai lililopoa saa chache si lazima liwe limekufa. Usiku, limulikwe kwa tochi ya simu kupitia tundu la boksi. Lenye uhai lililofikisha siku saba huonyesha mishipa ya damu kama mizizi. Lisilo na mbegu huwa angavu. Mayai mazima ahamishiwe kuku mwingine aliyeanza kuatamia wakati mmoja. Ndiyo maana wafugaji wazoefu huwawekea kuku wawili au watatu mayai siku moja: mmoja akisusa, wenzake wanapokea.

Chotara kama Kuroiler na Sasso wasihukumiwe kwa kipimo hiki, kwani mara chache huatamia. Mayai yao yahitaji kuku wa kienyeji au mashine ya kutotolesha.

Wapo kuku ambao wamewekewa kiota kisafi, chakula na utulivu, na bado wamesusa mara mbili mfululizo. Hao hawafai kuachiwa mayai tena. Lakini mayai yao yanaweza kuwekewa kuku mwingine, nao wakinyimwa nafasi ya kuatamia watarudi kutaga mapema.