Usiku wa Algiers Uswahilini

Siku Simba au Yanga inapocheza nje ya nchi, mitaa ya Dar es Salaam hujua tangu asubuhi. Jezi hutoka kabatini, bodaboda hufungwa bendera, na mwenye kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea mechi kwenye skrini, huandika kwa chaki jina la mechi, saa na kiingilio. Miongoni mwa watakaolipa kiingilio hicho wamo wanaoomba timu iliyosafiri ifungwe. Hao ndio watani, na mimi nashikilia kwamba ushindi wa ugenini hauna ladha bila wao.

Utani huu ni wa siku nyingi. Yanga iliundwa mwaka 1935, na Simba ikafuata mwaka 1936. Kwa muda mrefu Simba iliitwa Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipochukua jina la sasa. Makao ya klabu zote mbili yapo Kariakoo, Simba Msimbazi na Yanga Jangwani, mwendo wa miguu tu kutoka moja hadi nyingine. Kuna nyumba ambamo baba ni Simba, mama ni Yanga na watoto wamegawana. Chakula kinaliwa sinia moja, lakini timu ya kigeni ikipangwa na klabu mojawapo, shabiki wa klabu nyingine huihamia timu hiyo palepale. Anatafuta jezi yake na kukariri majina ya wachezaji ambao wiki iliyopita hakuwajua. Asiyeuelewa utani ataona usaliti wa taifa. Kwangu ni ujirani uliokomaa: mtu anakuja kukaa nawe dakika 90 akijua kwamba mmoja wenu atatoka ameinamisha kichwa.

Kabla ya skrini, kulikuwa na redio. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4–0 na Mufulira Wanderers ya Zambia hapahapa Dar es Salaam, katika Klabu Bingwa Afrika. Timu ilisafiri kwa marudiano huku watani wakiwa wameshaizika. Ikashinda 5–0 na kusonga mbele. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo, kwa hiyo ushindi ule uliishi katika masikio na ndimi. Hadi leo, kwenye kijiwe cha kahawa, wazee wa Msimbazi wanausimulia bao kwa bao, na kijana anayewabishia huambiwa, “Mwanangu, wewe hukuwepo.” Na wao wenyewe hawakuwepo Zambia! Walikuwa nyumbani, na hilo haliwapunguzii kitu. Mashabiki walikuwa nyumbani pia mwaka 2003, Simba ilipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa matuta mjini Cairo.

Lakini mechi inayouonyesha utani kwa ukamilifu ni ya Yanga, usiku wa Juni 3, 2023. Ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mechi ya pili, dhidi ya USM Alger. Ya kwanza, kwenye Uwanja wa Mkapa jijini Dar es Salaam, Yanga ilikuwa imefungwa 2–1. Kule Algiers, dakika ya 7, Djuma Shabani akafunga kwa penalti. Katika vibanda vya Dar, meza zilipigwa, watu wakakumbatiana na wasiowajua. Kila kibanda kina king'amuzi chake, na picha haifiki kote kwa wakati mmoja, hivyo kelele za mtaa wa pili huwaambia watu bao limeingia kabla hawajaliona. Kwa muda mfupi huo hakuna anayepumua. Kipindi cha pili wenyeji walipata penalti yao, kipa Djigui Diarra akaiokoa, na kelele zikarudi upya.

Mechi ikaisha 1–0. Jumla ikawa 2–2, na kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini. Basi Mwananchi, kama shabiki wa Yanga anavyojiita, alikuwa ameshinda na amekosa kwa wakati mmoja. Aliyekuwa peke yake chumbani usiku ule alibaki na uchungu mtupu. Aliyekuwa na mtani pembeni alikuwa na la kujibu.

“Kombe liko wapi, mtani?”

“Nimemfunga Mwarabu kwake. Wewe lini?”

Kesho yake maswali hayo yalihamia kwenye meza za magazeti, ambako watu husimama kusoma vichwa vya habari bila kununua, na muuzaji huwavumilia kwa sababu ubishi wao huwaleta wanunuzi. Yalihamia vijiwe vya kahawa na kashata, kwenye daladala, na kwa mama ntilie, ambaye ana timu yake na haifichi hata kwa mteja wa kila siku. Waliokuwa na nafasi walikwenda uwanja wa ndege kuipokea timu, kisha msafara wa pikipiki na magari ukaisindikiza mjini. Rais Samia Suluhu Hassan naye aliwaalika wachezaji Ikulu.

Shabiki wa Simba aliyekuwa njiani siku hiyo alilazimika kusubiri msafara upite. Wengi walisubiri huku wakipaza sauti kuuliza tena kombe liko wapi, na kutoka juu ya magari walijibiwa kwa mikono, kidole kimoja juu: bao moja, Algiers.