Kokani wa Blue Mesa huvuliwa kwa kipimajoto

Mvuvi wa Pemba anayerambaza nguru hukimbiza chombo, maana nguru ni samaki wa mbio. Katika bwawa la Blue Mesa, mita 2,290 juu ya usawa wa bahari kwenye milima ya Colorado, Marekani, mbio hizo hazifai kitu. Boti hujikokota kwa kilomita mbili hivi kwa saa, na nahodha akizidisha kidogo tu, siku nzima inaweza kupita bure.

Anayetafutwa ni kokani. Ni jamii moja na samoni mwekundu wa Bahari ya Pasifiki, ila huyu haijui bahari kabisa. Chakula chake ni dafnia, vijidudu vya majini ambavyo huonekana kwa taabu. Sasa kwa nini aume ndoano yenye plastiki ya rangi ya waridi? Wavuvi wengi huamini haumi kwa njaa bali kwa kukereka. Ndiyo maana mbele ya ndoano hutangulizwa kibati king'aacho, kinachoyumba huku na huku na kuichezesha ndoano mpaka imchokoze. Kwenye ncha huchomekwa punje moja ya mahindi meupe iliyoloweshwa kwenye mafuta ya samaki au kitunguu saumu, na kila mvuvi ana mchanganyiko wake asioutaja ovyo.

Yote hayo ni kazi bure kama kina kimekosewa. Kokani hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi. Barafu ikishayeyuka, huwa karibu na uso wa maji. Kufikia Agosti amekimbia joto na kushuka mita 15, 20, pengine 25. Mshipi mwepesi haufiki huko peke yake. Hubanwa kwenye waya wenye chubwi zito la risasi, unaoteremshwa kwa roda inayohesabu kina. Samaki akiuma, mshipi hufyatuka kwenye kibanio, na mvuvi hubaki akipambana na samaki tu, bila uzito wa risasi.

Hapo ndipo wengi humpoteza. Mdomo wa kokani ni laini kama karatasi iliyolowa, ukivuta kwa pupa unachanika. Ufito huwa mwembamba na mwororo ili upinde badala ya mdomo kuchanika, na kimia hutangulizwa majini mapema, kwa sababu akishaiona boti ndipo huanza kuruka na kujizungusha.

Bwawa lenyewe ni la juzi. Ukuta uliokamilika 1966 uliuziba Mto Gunnison, na kokani akaletwa na watu. Hata leo anawategemea. Kila vuli wakubwa hugeuka wekundu, madume huota taya la kulabu, nao hupanda mto hadi kituo cha Roaring Judy, kando ya East River. Huko hukamuliwa mayai, na maisha yao huishia hapo. Vifaranga huachiwa mtoni usiku, ili trauti wa njiani wasiwamalize kabla hawajafika bwawani. Mayai hayohayo hulisha maziwa mengine ya Colorado, kwa hiyo Blue Mesa ikitetereka, hasara haiishii hapo.

Nayo imetetereka. Trauti wa ziwani, jitu lisiloshiba, humla kokani kwa wingi, hata idara ya wanyamapori ya jimbo imewahi kuwalipa wavuvi ili wapunguze trauti hao. Kisha kuna ukame. Mwaka 2021 serikali kuu iliamuru maji ya ziada, mita za ujazo kama milioni 44, yafunguliwe kutoka Blue Mesa ili bwawa la Powell, chini zaidi mtoni, lisishuke hadi kushindwa kuzalisha umeme. Umeme wa Powell ni muhimu, sibishi. Lakini bwawa likipungua, maji baridi anayoyahitaji kokani yanapungua pia, na trauti wanamfuata humohumo. Wanaoamua maji yafunguliwe lini na kiasi gani wanapaswa kuketi meza moja na watu wa Roaring Judy kabla bomba halijafunguliwa.